Nimeligeuza Tumbawe Mke Wangu Asione Ugonjwa

Mshauri mpendwa, nimekwama, niokoe kabla ya Jumapili. Mimi ni fundi saa, mke wangu ni mkunga, naye ana tangi la kioo sebuleni lenye maji ya chumvi na matumbawe hai, na tumbawe lililo kubwa kuliko yote alilianza likiwa kama ukucha, akalilea miaka sita hadi likajaa matawi, na akirudi kazini hulisalimu kabla ya kunisalimu mimi. Mwezi uliopita alikwenda mafunzoni, akaniachia sharti moja tu, kwamba tumbawe lolote jipya litengwe kwanza kwenye ndoo, lakini mama mkwe akaja na kipande kutoka tangi lake, akaniona naelekea kwenye ndoo, akasema, "Mkwe, zawadi yangu unaitia kwenye ndoo ya deki?" nikaona haya, nikakitumbukiza tangini papo hapo, tena karibu na lile kubwa, ili aone nimekipa heshima. Baada ya siku kumi kipande kikaanza kuchunika ngozi kuanzia chini, kikabaki cheupe kama mfupa, nikakitupa kimyakimya, kumbe lile kubwa nalo limeanza kuchunika upande mmoja, basi nimeligeuza, weupe ukaelekea ukutani, na mke wangu alipouliza, "Mbona leo limetupa mgongo?" nikamjibu kwamba linafuata mwanga. Sasa weupe unazunguka, na Jumapili mama mkwe anakuja kukatiwa vipande vya lile kubwa, vyake na vya dada zake wawili, wakaoteshe kwenye matangi yao. Nikikataa, mimi ni mchoyo. Nikisema ukweli, nimemwita mkwe wangu mleta maradhi. Nifanyeje?

Mgeuza Tumbawe

Mgeuza Tumbawe, pole, ingawa pole yangu ni fupi kwa kuwa muda wako ni mfupi zaidi. Heshima ya mkwe ni kumpokea mkoba na kumpisha kiti kizuri, tangi halimo. Ulimwogopa kwa dakika moja, ukahatarisha malezi ya miaka sita, kisha ukamdanganya mkunga kuhusu maambukizi! Ni sawa na yeye kukuambia wewe kwamba saa iliyosimama inapumzika.

Mwambie mkeo leo, kabla hajavua viatu. Usianze na mama yake. Anza na mkono wako uliotumbukiza.

Kisha kateni matawi yaliyo mazima ili yaote upya, mbali na weupe, mahali ambapo ngozi bado imeshika. Yachovyeni kwenye dawa ya matumbawe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, yakae kwenye ndoo yenye pampu na kipasha joto chake. Kibano, glavu na maji ya ndoo hiyo visiingie tangini kamwe.

Jumapili mama mkwe aondoke mikono mitupu. Mwambie, "Mama, letu linaumwa, kalitazame na lako, hasa chini." Akinuna, anune. Akigawa vipande, ukoo mzima utakuwa na matangi manne ya mifupa.

Mkasi aushike mkeo, maana ndiye mwenye mkono thabiti. Wewe shika ndoo, na akikugombeza, usiitikise.