Mikono ya Mama Kwenye Kioo

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, mgongo wangu tu ndio unaonikumbusha miaka. Kikohozi chako kimepoa?

Jumapili ulipopiga, mama yako alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta saa nzima. Picha ikagandaganda. Mkono wako uko kifuani, mara uko kidevuni, katikati hakuna kitu. Kiziwi ukimkatia mikono umemkatia maneno. Akaniambia kwa alama, "Anaongea kama amejaza kokoto mdomoni," akacheka. Baadaye nilimkuta jikoni anajifuta macho. Simu nayo ni ndogo, vidole havionekani.

Najitahidi kusikiliza sauti yako na kuwatafsiria, lakini mambo yenu hayafiki mazima yakipitia kwangu. Mashine hii haiwezi kukimbizwa kidogo?

Baba yako

11 Februari

Shikamoo baba,

Kikohozi kimeniacha. Pole na mgongo, usiinue ndoo.

Nimepima mtandao wenu, hauna neno. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ndiyo inayoelemewa. Wewe fundi saa utanielewa upesi: ndani yake kuna pigo la msingi, mara milioni mia kwa sekunde, na kuna kizidishi. Pigo mara kizidishi, hiyo ndiyo kasi. Kizidishi chenu ni thelathini na nne, na kiwandani wamekifunga. Hakipandi hata ukilia. Ila zipo prosesa zilizoachwa wazi, na bodi yenu, ule ubao zinapochomekwa, inazikubali, niliichagua mwenyewe. Muulize fundi kompyuta wa hapo jirani.

Kuna mambo nataka kumwambia mama mwenyewe, siyo kwa mkono wa mtu, hata wako. Usinichukie.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila mimi nina jambo.

Fundi aliipata ya wazi kwenye kompyuta iliyounguzwa na umeme. Nimeipachika kwa koleo zangu za saa, nikapaka dawa ya kupitisha joto, nikaweka feni kubwa juu. Maisha yangu yote watu wananiletea saa zinazokwenda mbio nizitulize. Leo nakimbiza mwenyewe! Tamaa ikanishika, nikarusha kizidishi mpaka arobaini na nane. Ikazimika, pu. Mama yako akanitazama usoni, akauliza, "Umeiua?"

Nimeiua?

Baba yako

6 Machi

Shikamoo baba,

Haijafa. Joto likizidi inajizima kujiokoa. Rudi thelathini na nne, kisha panda ngazi moja moja. Kila ngazi iache ifanye kazi saa nzima, huku ukitazama joto. Likipita nyuzi themanini, shuka. Usiwe na haraka, ingawa mimi ninayo.

Juzi kwenye basi niliona wanawake wawili wanaongea kwa mikono. Alama zao si zetu, sikuambulia hata moja. Nilipitiliza kituo changu nikiwatazama.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Natumaini mikono yako imepumzika. Arobaini na mbili, nyuzi sabini na moja, na haikutikisika. Mmeongea kwa muda wa saa mbili na nusu! Nilikaa barazani. Nilichungulia mara moja tu: mikono ya mama yako ilikuwa inakwenda kama ya msichana. Sikusoma kitu, nakuapia.

Alipotoka aliniambia, "Amenenepa, na nywele amezikata vibaya." Kisha akageuka, akatabasamu na ukuta.

Baba yako

17 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, kwa ile shikamoo ambayo sijaiona tangu Machi. U mzima, najua.

Silalamiki. Habari zako nazipata zote kila Jumapili: kazi mpya, na huyo mwenzako mpole anayeunguza kila anachopika. Mama yako ananisimulia akiosha vyombo, povu linaruka mpaka kwenye miwani yangu. Lakini anachagua cha kunipa. Nikimuuliza, "Ameniulizia?" anajibu ndiyo, upesi mno.

Mkiwa kwenye kioo nami huja, nikapunga mkono, nikatoka. Alama zangu ni nzito, za mtu aliyejifunza ukubwani ili aoe. Ninyi mna za kwenu tangu ukiwa mgongoni.

Sikukuambia: zile barua za kizidishi nilizisoma mara nyingi kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Mama yako hakuomba kuziona. Zilikuwa zangu.

Leo nimeifungua mashine yote, nikapuliza vumbi, nikapima joto, nikitafuta tatizo la kukuuliza. Haina hata moja.

Basi niandikie hivyo hivyo.

Baba yako