Niliwaandika Wenzangu Waliokuwa Dunguni

Shangazi Yosefina, shikamoo. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana kugombezwa nitagombezwa tu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Katindiuka, nalima mpunga, na tangu utoto nina ugonjwa wa kutaka kujua mambo, nikiona watu wamekusanyika siwezi kupita bila kuchungulia. Ndivyo nilivyojikuta mwezi wa tano kwenye mkutano wa bwana mmoja anaitwa Beno, kaja na gari zuri, anasema kuna shirika linataka kuwafahamu wanawake wakulima na kila atakayeandikwa atapata doti ya khanga, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri akanipa mimi karatasi, juu haina kichwa chochote, nikajua ni mahudhurio tu kama mikutano yetu yote. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wa kikundi chetu cha wakulima mimi peke yangu na waliobaki wa vijiji vingine, wenzangu wote wako bondeni juu ya madungu, vile vichanja vya miti, wanaamia ndege kwa madebe wasimalize mpunga, na kwetu mwenzio akiwa dunguni unamwandikisha, ukimsahau atakununia msimu mzima, basi nikaandika majina arobaini na moja na sahihi za wasiokuwepo nikaweka mwenyewe, nabadilisha badilisha mkono, Mungu anisamehe. Khanga zenyewe hatukuziona, kwa hiyo wala sikumwambia mtu.

Mwezi wa nane tukasikia tajiri Fulgensi anapewa Tuzo ya Mlezi wa Wanawake Wakulima. Shangazi, huyu ndiye aliyechimba mfereji akayageuza maji yaende kwenye mashamba yake, majaruba yetu yakakauka hadi kupasuka, ingawa niseme kweli, ndiye pia aliyeezeka zahanati yetu. Kikundi chetu kikasema haiwezekani. Mwenyekiti wetu Ritha akatupanga, siku ya sherehe tukaenda uwanjani Ifakara na madebe yale yale ya kuamia ndege, tukayapiga mpaka mgeni rasmi akashindwa kuongea, na ndipo Beno akachukua kipaza sauti akasema, "Jamani, mbona hawa akina mama ndio waliompendekeza? Sahihi zao hizi hapa!" Akaanza kusoma. Jina la kwanza, Ritha. Watu walicheka, Shangazi, walicheka hadi tukashusha madebe wenyewe. Na kitu ninachojiuliza mpaka leo, Fulgensi yeye hakucheka, alitoa leso akafuta macho. Je, alijua orodha ni ya uongo, au aliamini kabisa kwamba tunampenda? Na mtu mwenye matrekta sita, shukrani zetu sisi anazitakia nini?

Ritha akasema, "Aliyeniandika nitamjua tu." Wakamshuku Mariana, kwa sababu anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa ya Fulgensi na kuandika anajua. Mariana akaapa, akalia, wakamtoa kwenye kikundi. Wiki iliyopita amefiwa na mama yake mzazi na hakuna mwanakikundi aliyekwenda kupika msibani, hata mimi sikwenda, nilikaa ndani nasikia wanavyoimba na nyumba zetu zimeachana hatua hamsini.

Nikisema, Ritha hatanisamehe, na naogopa kushtakiwa kwa zile sahihi. Nikinyamaza, Mariana anaendelea kubeba kosa langu. Nifanyeje? Jina langu usilitaje, nakuomba.

JIBU

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadili. Sasa kaa kitako.

Kuwaandikisha wenzako sitakulaumu sana, na mimi nimeshaandikishwa hivyo mara nyingi na nikashukuru. Kuwawekea sahihi ni kosa, na unalijua, ndiyo maana ulibadilisha mkono. Lakini wewe unayependa kujua mambo, mbona hukujiuliza hili: kwa nini Beno alikuja wakati wa ndege? Angekuja mwezi mmoja baadaye, mpunga ukiwa ndani, angekuta wanawake wote, na Ritha angemwuliza karatasi ni ya nini. Alikuja wakati ambao wenye maswali wako bondeni, na kichwa cha karatasi akakiacha wazi. Mtu huyo anazijua desturi zenu vizuri.

Kwenye msiba ndipo huruma yangu inapoishia. Mwenzio anamzika mama yake, umejifungia ndani hatua hamsini kutoka kwake, na kosa ni lako! Ritha na wengine walikosa kwa kutojua. Wewe ulijua. Hilo nimelisoma mara mbili na mara zote mbili nimekasirika.

Halafu hujaona kitu kimoja. Kati ya wanaoipinga tuzo hiyo, wewe ndiye unayeweza kusema, karatasi niliijaza mimi, haikuwa na kichwa, na fulani na fulani hawakuwepo. Ritha anaweza kupiga debe hadi litoboke, hilo hawezi kulisema. Unachokificha kwa aibu ndicho ushahidi wanaoutafuta.

Machozi ya Fulgensi yamenifikirisha na mimi siku mbili. Sijui jibu lake. Yawezekana naye alidanganywa. Siku ukweli ukisemwa hadharani, tazama kama atairudisha tuzo au ataing'ang'ania, hapo utajua alikuwa analia nini.

Anza kwa Mariana. Nenda mikono mitupu, asije akadhani unanunua msamaha kwa mchele. Mwambie, "Ni mimi," halafu nyamaza, mwache aseme yote aliyonayo. Kisha nendeni wote wawili kwa Ritha, mchana, kikundi kikiwepo, na mbele yao umsafishe Mariana kwanza kabla hujaanza kujitetea. Baada ya hapo tafuteni watoa msaada wa kisheria, waelezeni na habari ya sahihi bila kupunguza, ndipo mliandikie shirika lililotoa tuzo. Siwezi kukuahidi kwamba hutasumbuliwa. Lakini aliyejitokeza mwenyewe hawi sawa na aliyekamatwa.

Jibu hili nakutumia kwenye simu yako leo Jumapili. Gazeti linafika Ifakara Jumatano, na hata nikibadili majina mia, hakuna mtu wa huko asiyekumbuka kicheko cha siku ile. Mariana atalisoma kama wengine. Una siku tatu za kumwambia kwa mdomo wako. Akiupata ukweli huu kwangu kabla ya kwako, usije ukanituma mimi nikuombee msamaha wake.