Udongo wa Ukuta wa Ua Wetu

Mama yangu,

Nimepata kazi ya kuchukua udongo. Najua ungenicheka. Tunazunguka mji mzima, kuanzia Ng'ambo hadi Chukwani, tunachimba kidogo na kutia mifukoni, kisha maabara inapima umechanganyika na nini. Tulipofika Malindi niliwaomba wenzangu tuingie nyumbani kwetu. Nikachota chini ya ukuta wa ua, pale pale pako.

Ulikuwa na mimba ya Nassor. Baba alikuwa akiyeyusha betri mbovu za magari palepale uani, akimimina risasi ya kutengenezea chubwi za kuzamishia nyavu. Mvua ikishanyesha, wewe ulikuwa ukibandua kipande cha ukuta kwa kucha, ukikifuta kwa ncha ya kanga, ukikitafuna umefumba macho. Nilikuuliza kwa nini hununui udongo wa Darajani kama wajawazito wenzako.

"Wa sokoni sijui umeshikwa na nani," ukanambia. "Huu wa nyumbani kwangu nnaujua."

Majibu yametoka. Ua wetu una risasi nyingi kuliko popote tulipochimba, na risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Maabara inapima udongo tu, haikusema lolote juu ya Nassor. Lakini mimi silali. Nakumbuka ulivyomzungusha kwa waganga kwa kuwa maneno hayamtoki, ukiamini ulipita makaburini wakati wa magharibi naye tumboni, shetani akamtamani. Umekufa unajilaumu kwa kupita njia ile. Nashukuru hukuyasikia majibu haya, na naona vibaya kushukuru.

Sasa mimi nina mimba, mama. Kila mvua inaponyesha nakuona umeinama pale ukutani, na sitaki kukuona. Jana ilinyesha sana. Harufu ikapanda kutoka uani, mate yakanijaa mdomoni, nikashika mlango nisitoke. Nassor alikuwa akinitazama. Unajua alivyo, haoni mtu anataabika akakaa kitako. Akatoka, akarudi ameloa, na kipande cha ukuta kiganjani. Akakifuta kwa shati lake, taratibu, kama alivyokuona ukifanya mpaka siku zako za mwisho.

"Kula," akanambia. Ni katika maneno machache anayoyaweza.

Nilikipokea, kwa sababu alikuwa anacheka. Nimekifunga kwenye kanga yako, kabatini. Leo mvua imeanza tena, na yeye keshatoka kwenda uani.

Niombee, mama, kama ninavyokuombea.

Binti yako, dada yake Nassor