Kila Mtu Ana Ng'ombe Kumi

Dodoma,
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Nyangeta,

Nakusalimu kwanza, kununa utaendelea baadaye. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua usiimalize siku moja kama unavyofanyaga, goti halishibi. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa hili vumbi la Dodoma, na sato wa huku wamelala kwenye barafu mpaka wamesahau kama walitoka ziwani. Mtoto wako naye mzima, amepungua kidogo. Nimeandika kwa sababu simu umenikatia mara tatu. Karatasi hii hata ukiichana, nakujua, utaunga vipande usome. Nampa konda wa basi la Bunda, mdogo wako wa Kabasa ataipokea stendi akuletee hapo Suguti.

Ulinituma huku kwa jambo moja, nimrudishe Nyangeta kwenye ukaguzi wa hesabu. Ulisema nisirudi mpaka aombe radhi kwa kampuni aliyoiacha, avae tena suti zake, ili watu waache kusema kisimani kwamba mtoto wetu alifukuzwa kwa wizi. Na wewe hutazungumza naye mpaka siku hiyo. Mke wangu, nimeshindwa. Tena afadhali ningeshindwa tu. Nimehamia upande wake.

Usirushe barua. Nilimsema wiki nzima, Mungu shahidi. Nilimwambia, "Miaka sita mkaguzi, mitihani ya uhasibu umefaulu yote, mama yako anakutangaza mpaka kanisani, halafu unaacha ukae chumbani unatazamana na kompyuta?" Akasema kazi yake sasa ni uchambuzi wa data. Nikamjibu, kuchambua nimechambua pamba tangu sina ndevu, mbona hakuna aliyeniita mtaalamu? Hakucheka. Alizima jiko, akakaa mbele yangu.

"Baba, kuna ofisi moja nilienda kukagua, mkoa wa mbali. Walikuwa wamenunua chanjo ya ng'ombe. Risiti zipo, sahihi zipo, kila kitu kipo. Nikaandika hesabu ni safi. Natoka getini, mlinzi ananiuliza, dada, chanjo ilifika ng'ombe wameshakufa, hilo nalo umeliandika?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia si kazi yangu."

Alisema hivyo anaangalia meza. Nikamwambia basi anieleze vizuri hiyo kazi mpya.

Alivyonieleza ni hivi. Mkaguzi anafika shughuli imekwisha, anaangalia kama karatasi zinasema kweli. Hii kazi mpya anakusanya habari za watu wengi, anaziweka pamoja, anatafuta zinasema nini kabla mambo hayajaharibika. Hakukurupuka. Alijifunza mwaka mzima, kila akitoka ofisini, ndipo akaacha. Hakuiba hata kalamu. Sasa kuna shirika la mifugo limemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na huu ni mwezi wa tatu. Akishindwa, hana kazi mpya wala ya zamani.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Na yako, usijifiche nyuma ya mlango.

Kazi waliyompa ni kuonyesha majosho mapya, ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, yajengwe wapi huko Mara. Jumamosi ile, si ya jana ila ya kabla yake, tunakunywa chai, akaniita. "Baba, njoo uone ajabu. Huku kwetu kila mtu ana ng'ombe kumi."

Nikaangalia. Michoro mirefu mirefu, mifupi mifupi. Suguti kumi, kumi, kumi. Bugwema kumi, kumi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Unacheka nini?"

"Nacheka watu wangu. Huyo hapo, jirani yetu wa ziwani, ana zizi ukisimama upande huu huoni upande wa pili."

"Baba, wewe ulisema wangapi?"

Unakumbuka wale wasichana waliopita mwaka jana na kishikwambi? Wewe ulikuwa unapepeta mtama. Yule mrefu akauliza, mzee, mna ng'ombe wangapi? Nikasema kumi, na nyuma yao linasikika zizi zima linalia. Ukafunika mdomo na kanga usicheke. Tulivyolelewa, mfugo haukutajwaga kwa namba, na mgeni ukimpa kumi anashukuru anaondoka. Tulifurahi siku nzima.

Nikamwambia mtoto, "Kumi."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema taratibu, "Kwa kumi kumi hizi, Baba, josho linajengwa kwingine. Kompyuta inaona kwetu hakuna ng'ombe wa kuogesha."

Mke wangu, nilimkumbuka yule mweusi mwenye baka kichwani, wa maziwa yako. Alipoanza kupumua kwa shida na tezi zimevimba, tulisema laiti tungekuwa tunampeleka josho mapema, ila josho ni mwendo wa nusu siku. Ulikaa naye pale chini mpaka akafa. Nilikuwa natafuta nani wa kumlaumu. Nimempata, ananyoa ndevu zangu kila asubuhi.

Nyangeta akasema angekuwa bado mkaguzi, angeandika kwamba wale wasichana walijaza fomu bila kufika. Wangepoteza kazi, na kumi zingebaki kumi. Sasa anauliza kwa nini watu wengi wadanganye kwa namba moja. Nikamweleza habari za kutohesabu. Akafikiri, akasema, "Basi usinipe namba. Niambie wanavyotoka zizini asubuhi."

Nikaanza. Anatangulia yule mwekundu wa pembe moja, anafuata mama yake, halafu yule wa kijivu mgomvi, halafu wawili wa mahari ya dada yangu, wanatembeaga pamoja kama maaskari. Mimi nataja, yeye anagonga vidole. Nilipomaliza akasema, "Unajua ni wangapi?" Nikasema sijui. Na kweli sijui, mimi namjua asiyekuwepo tu. Akasema, "Mimi nimeshajua." Hakuitaja hiyo namba. Mtoto amelelewa, Mama Nyangeta, hata kama umemsusia.

Jumatatu tukaenda wote kwa mkubwa wake, kijana mwenye suruali fupi kama anavuka mto. Ananiuliza, "Mzee, kwa nini mnadanganya?"

"Una watoto wangapi, mwanangu?"

"Watatu."

"Unawataja haraka hivyo? Kwetu bibi yako angekuziba mdomo."

Akacheka, lakini si mjinga. Alimgeukia Nyangeta. "Nitatuma watu tena Suguti na Bugwema. Waulize kwa njia hiyo yako. Wakirudi na kumi, ujue majaribio yameishia hapo. Urudi kwenye ukaguzi wako."

Watafika wiki ijayo. Wanaanza kwetu.

Unaona sasa mtihani ulipo? Mimi nipo huku na kifua, aliyebaki getini ni wewe. Na majirani hawatajibu kitu mpaka waulizane, Mama Nyangeta kasemaje? Ukitaka mtoto arudi kwenye suti, huna haja ya kugombana na mtu. Sema kumi, endelea kupepeta. Mtaa mzima utasema kumi, na utakuwa umeshinda. Sitakulaumu, neno hilo nililianza mimi.

Kama hutaki hivyo, usihesabu, sikuombi uvunje mwiko. Simama nao zizi likifunguliwa, wataje mmoja mmoja kwa rangi na tabia, kuhesabu wafanye wao. Na wale waliokufa kwa kupe wataje pia. Huyo mweusi usimruke.

Msalimie kaka yangu mkubwa wa Butiama, mwambie fimbo yake ipo, sijaiuza. Salamu kwa mdogo wako wa Kabasa, mshukuru kwa kubeba barua, na umwambie najua ameshaifungua. Salamu kwa mchungaji, mwambie huku nasali, ila kwaya yao haina nguvu. Salamu kwa jirani yetu wa upande wa ziwani, yule wa zizi kubwa, na umwambie kwa heshima zote kwamba kumi zake zimeonekana mpaka Dodoma.

Jibu la barua hii usinipe mimi. Mpe msichana atakayesimama getini na kishikwambi. Nyangeta anasema kila kinachojazwa huko kinafika kwake saa ileile, kimeandikwa kimetoka nyumba gani. Amekaa hapa pembeni yangu, hajui nakuandikia nini. Tangu Pasaka hajapata neno lako hata moja, na wiki ijayo atakaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima, anasubiri kuona mama yake amesema nini.

Mimi mumeo,
Baba Nyangeta