Mahakamani Tuseme Dawa

Jumatatu, 3 Juni
Kuchuma pamba tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Redio ya jirani imesema vile vidonge vya maumivu vimeondolewa sokoni, vinadhuru moyo. Jina lilelile. Jilala, marehemu mume wangu, alivimeza mwaka mzima kwa ajili ya goti, mpaka akaanguka zizini. Nimekaa chini palepale shambani. Na ukoo ulisema kalogwa na mama yake mzazi, Mayu wetu! Wakamfukuza hapa Ngulyati. Sasa yuko Ipililo kwa kaka yake.

Alhamisi, 6 Juni
Bariadi mjini kwa wakili, na shemeji Masanja. Karatasi za hospitali zinasema moyo. Kampuni tunaweza kuidai fidia, ila si mteremko. Mimi msimamizi wa mirathi, nitasaini. Masanja atakuwa shahidi, ataapa kwamba ni dawa iliyomuua kaka yake, si kitu kingine. Kakubali haraka. Huyuhuyu aliyetupa virago vya mama yake barabarani.

Njiani nikamwuliza, basi Mayu arudi nyumbani? Hata hakuona aibu.

"Shemeji, mahakamani tuseme dawa. Nyumbani tunajua yetu."

Nimechukia mno.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwambia sisaini mpaka aende Ipililo, amwambie mama yake ukweli kwa mdomo wake. Kaniita mkorofi. Sawa, mkorofi.

Jumanne, 11 Juni
Wakili kapiga simu. Nimesema bado. Masanja hasalimii. Naogopa. Hiyo fidia naitaka sana, watoto wanakua na mimi mgongo ndio huu. Lakini siwezi kula fidia huku jina la Mayu limechafuka.

Jumapili, 16 Juni
Masanja kaja mwenyewe baada ya ibada. Tumekwenda Ipililo. Mayu kakonda, shingo imebaki mishipa. Masanja alitazama viatu vyake, halafu akasema: "Mayu, ni dawa ilimuua. Si wewe."

Mayu akajibu: "Mimi nilijua, mwanangu. Ni ninyi mlikuwa hamjui."

Akaingia ndani kufunga nguo zake. Nimelia kama mtoto.

Jumatano, 19 Juni
Nimesaini jana. Kesi itachukua muda, wakili anasema.

Leo Mayu kapika ugali na mlenda. Masanja alipita, akapakuliwa. Akasema ameshiba. Tangu lini Masanja akashiba? Mayu akaifunika sahani. Masanja alipoondoka nimeifunua, nikala yote mbele ya Mayu. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo.