Siku Mama Alipoomba Mashine Izimwe

Mjukuu wangu Nashipai,

Salamu zako zimefika hapa Sekei, marahaba. Bibi yako hajambo, na mama yako amemaliza kuvuna maharage kule Nduruma.

Unasema wenzako wanaicheka hiyo mashine mnayoitengeneza ya kupiga picha ndani ya kichwa kwa sumaku: sumaku dhaifu hivyo itaona nini? Ukaniuliza kama uendelee nayo.

Nilipokuwa kijana Oldonyo Sambu, dada yangu Naserian aliumwa kichwa miezi mingi. Daktari alituambia kwa huruma, "Sina kifaa cha kuona ndani." Tukamrudisha nyumbani. Sauti yake ikafifia hata hatukumwelewa tena. Siku moja midomo yake ilikuwa ikicheza, mama akatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma.

"Baba, naomba uizime kidogo. Mwanangu anasema kitu."

Akaizima. Waliokuja na mahindi yao wakanyamaza wote. Ndipo tukamsikia: "Nitoeni nje niuone mlima."

Nikambeba mgongoni. Aliutazama Meru kwa muda mrefu, akacheka. Wiki hiyohiyo tukamzika.

Nimeota mvi, na bado natamani kumsikia. Sauti ile haikuwa na nguvu yoyote, mjukuu wangu, lakini tulipotulia ilitufikia. Kwa hiyo endelea. Na ikikamilika, usiishie nayo mjini. Ipandishe kule kwetu Oldonyo Sambu, bado wapo watu wenye dada.

Babu yako anayekuwaza