Usimwite Afande

Tabora, Jumapili, mwaka wa thelathini tangu niondoke Kilosa.

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, bado anabishana na redio.

Unauliza kwa nini yule mwanajeshi mstaafu, fundi wa kuchomelea uliyemwajiri hapo Mikumi, anataka kuacha kazi, ilhali mnamheshimu, mnamwita Afande, na mmemweka getini apumzike. Apumzike! Nani kakuambia amechoka?

Mimi nilitoka jeshini nikiwa fundi wa magari. Gereji moja ya Kilosa ikanichukua. Asubuhi ya kwanza mwenye gereji alinipigia saluti, akanikabidhi rungu.

"Afande, wewe kaa getini. Wezi wakikuona tu, watahama mji!"

Mafundi wakacheka.

"Bosi, mimi ni fundi."

"Ndiyo, Afande."

Kila nilipoomba spana, jibu lilikuwa hilohilo, kwa heshima tele. Hata leo nikikumbuka napandwa na hasira. Heshima gani hiyo, ya kumnyima mtu kazi yake? Nilirudisha rungu, nikapanda treni.

Mwite fundi. Hilo geti mpe alichomelee, asililinde.

Umeniomba pia nirudi nizeekee kwetu. Huko mpaka leo naitwa Afande. Sirudi.

Babu yako